Anayerudi Saa Aliyosema

Ukitaka kumjua mtoto, usimwangalie asubuhi anapoachwa. Asubuhi karibu wote hulia, na kilio cha asubuhi hakina habari nyingi: kuna baridi, usingizi haujaisha, mama ana haraka ya kuwahi matatu kabla makanga hajapandisha nauli. Mwangalie jioni anapochukuliwa. Naendesha kituo cha kulea watoto wadogo hapa Kayole, Nairobi, vyumba viwili vya chini kwenye ploti ya mawe, na ile nusu saa ya jioni imenifundisha mengi kuhusu watu wazima kuliko kozi yoyote niliyoilipia.

Kuna mtoto ambaye mama akitokea langoni anaangusha alichoshika na kukimbia. Atalia kidogo, kile kilio cha kushtaki, atabebwa, atajipangusa kamasi kwenye leso ya mama, halafu punde si punde anataka kushuka amwonyeshe kiatu kilichokatika. Kuna mwingine anayekimbia vilevile, lakini akibebwa anajinyonga, anampiga mama kofi la shingo, akiwekwa chini anadai kubebwa tena, na mama anabaki amesimama pale na mkoba begani hajui afanye nini. Na kuna yule ambaye mama akiingia anainua macho mara moja, kisha anarudi kwenye vifuniko vyake vya chupa.

Huyu wa mwisho ndiye anayesifiwa na ploti nzima. "Huyu hana shida," majirani husema. "Hata umwache na nani, hajali." Mimi mwenyewe nilimpenda, maana mlezi mwenye chumba kilichojaa watoto humpenda sana asiyelia. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1977 watafiti wawili Wamarekani, Alan Sroufe na Everett Waters, waliandika kuhusu mapigo ya moyo ya watoto wanapoachwa na kurudiwa. Wale waliojifanya hawajamwona mama akirudi, moyo ulikuwa unakwenda mbio kama wa wenzao wanaolia. Uso ndio uliokuwa umetulia. Kabla hawajajua kusema, walikuwa wameshaelewa kwamba kulia kwao hakumleti mtu, au kunamleta akiwa amekasirika, wakaamua kujimalizia mambo yao.

Tangu hapo nikiambiwa mtoto hana shida, huwa namwangalia mara ya pili.

Aliyetufundisha kutazama kurudi badala ya kuondoka ni Mary Ainsworth, na hapa huwa nasikia fahari kidogo ya jirani, kwa kuwa hakuanzia Marekani. Alianzia Uganda. Alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akiwapinga wenzake. Wenzake walisema mtoto humpenda mama kwa sababu ya ziwa. Yeye alisema hapana, kuwa karibu na mtu wako ni hitaji lenyewe, halitokani na chakula. Mwaka 1954 Ainsworth alimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala, na huko akaanza kutembelea vijiji vya karibu na mji akiwa na mkalimani, akikaa na familia 26 zenye watoto wachanga, akiangalia tu: nani analia, nani anajibu, anajibu upesi au anangoja. Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1967. Baadaye, Baltimore, Marekani, akatengeneza lile jaribio lake la chumba kigeni: mtoto wa mwaka mmoja hivi, mama, mtu asiyemjua, vitu vya kuchezea, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi, yote kwa muda wa dakika 20 hivi. Akapata makundi yale yale ninayoyaona langoni kwangu: wenye mfungamano salama (mfungamano ni kule kushikamana kwa mtoto na mtu wake), wenye wasiwasi, na wakwepaji.

Lakini kilichonivutia zaidi hakikuwa majina ya makundi. Ni jambo alilolitambua Uganda, kwamba mtoto aliye salama humtumia mama yake kama mahali pa kutokea. Anatambaa mbali, anageuka kuhakikisha yupo, anaendelea. Nimelithibitisha kwa macho yangu mara nyingi. Mtoto aliye salama hacheki zaidi ya wengine. Anacheza zaidi ya wengine. Anaweza kukaa na sufuria mbovu na kijiko kwa muda mrefu mno, amezama, kwa sababu hakuna sehemu ya akili yake iliyobaki mlangoni kulinda. Yule mwenye wasiwasi hucheza huku sikio moja liko nje. Honi ikilia barabarani, anaacha kijiko. Na mkwepaji anacheza, ndiyo, lakini mchezo wake ni wa mtu anayejishughulisha ili asiangalie mlango.

Mimi nikisikia watu wakizungumza juu ya furaha, nawaza sufuria ile na kijiko. Sidhani furaha ni hisia tamu inayomjia mtu. Nadhani ni kile kinachobaki mtu akiachishwa kazi ya ulinzi.

Nimezaliwa Nyamira, kwa Wagusii, mtoto wa sita. Mama alikuwa anachuma majani chai tangu asubuhi, na aliyenibeba mgongoni ni dada yangu, ambaye naye alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza habari hizi za mama na mtoto ndani ya chumba, wawili peke yao, nilijiuliza zinanihusu vipi. Nani Kayole anaishi hivyo? Hapa mtoto analelewa na mama, na nyanya aliyekuja kutoka mashambani, na jirani wa mlango wa pili, na mimi.

Kumbe kuna watu waliokwenda kwetu kuuliza swali hilo hilo. Mwaka 1986 Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wachanga wa Kigusii, na badala ya kumwangalia mama peke yake walimwangalia pia yule mtoto mkubwa anayelea. Zaidi ya nusu ya wachanga walikuwa na mfungamano salama na mama, na zaidi ya nusu walikuwa nao na mlezi pia. Afya ya lishe ilikwenda pamoja na mfungamano wa mama. Ukuaji wa akili ulikwenda pamoja na ule wa mlezi. Naamini sana, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa na chakula, na dada ndiye aliyekuwa na michezo. Tena kuna kijambo kidogo ndani ya utafiti ule kilichonifanya nicheke peke yangu. Watoto wa Marekani mama akirudi hunyoosha mikono miwili wakumbatiwe. Watoto wa kwetu walinyoosha mkono mmoja, kwa kuwa walizoea kusalimiwa kwa mkono. Walikuwa salama vilevile, ila kwa adabu ya kwao.

Kwa hesabu hiyo nilipaswa kuwa mtu mtulivu. Na nilikuwa, mpaka dada alipoolewa. Sikueleza mtu, na hakuna aliyeniuliza. Katika nyumba yenye watoto wengi, msichana akiolewa ni sherehe, hakuna anayemuuliza mdogo wake amelalaje. Nikaanza kuwa mtoto mwema kupita kiasi. Nafagia kabla sijatumwa, nachota maji, halafu namwangalia mama usoni kuona kama ameridhika. Tabia hiyo nikaja nayo Nairobi, na nikaingia nayo kwenye ndoa.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia Mombasa, anapitia Nairobi, anakwenda hadi Malaba na wakati mwingine anavuka. Kwa kazi hiyo mtu anaweza kupotea siku mbili kwa sababu za haki kabisa: foleni ya mpakani, mzani wa Mariakani, simu imezima. Na mimi nilikuwa mtu wa alama mbili za buluu. Ujumbe ukisomwa usijibiwe, nilianza kutafuta nilichokosea. Nikijibiwa "sawa", niliichambua hiyo sawa hadi usiku: mbona haina jina langu, mbona ya jana ilikuwa "sawa mama"? Siku akiniita mrembo, nilikuwa mrembo mtaani kote, nikamsalimu hata keateka wa ploti ninayemdai pesa. Siku akinyamaza, nilijipima na kila mwanamke aliyesimama kwa mama mboga.

Yeye kwa upande wake ni yule mtoto wa vifuniko vya chupa, aliyekua na akapata leseni. Mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa kwa ami, kisha kwa shangazi, kisha bweni. Alijifunza kutoomba. Hana wivu, hana lawama, na ukimuuliza kama ana shida atakuambia hana shida na mtu. Nikilia, alikuwa anatoka nje kuangalia tairi.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha matokeo ya jambo ambalo mimi naliona ni la ujasiri: walikuwa wamechukua makundi ya watoto ya Ainsworth na kuyapeleka kwa watu wazima wenye wapenzi. Waliweka maswali kwenye gazeti la Denver, Rocky Mountain News, msomaji achague maelezo yanayomfanana. Zaidi ya nusu kidogo walijiona salama, robo hivi wakwepaji, na mmoja kati ya watano hivi akajiona mwenye wasiwasi. Ni mgawanyo ulio karibu na ule wa watoto wachanga. Kisha 1991 Kim Bartholomew na Leonard Horowitz wakaja na kitu ambacho kwangu ndicho ufunguo, kwa kuwa kinaunganisha mapenzi na kujithamini. Walisema ndani ya kila mtu kuna maswali mawili. La kwanza: mimi ni mtu wa kupendwa? La pili: watu wengine ni wa kutegemewa? Anayejibu ndiyo kwa yote mawili yuko salama. Anayejibu hapana kwa yote mawili anataka watu na anawaogopa kwa wakati mmoja, na huyo ndiye nimuoneaye huruma zaidi. Mimi nilijibu kwamba wengine ni wa kutegemewa, tatizo ni mimi. Mume wangu alijibu kwamba yeye yuko sawa kabisa, tatizo ni kutegemea watu.

Tazama basi. Kujithamini kwangu kulikuwa chini na kwake kulikuwa juu, na hakuna aliyekuwa na furaha nyumbani humo. Kwake kulimlinda, lakini kulimlinda dhidi ya kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza kwenye orodha.

Ndiyo sababu sina subira na wahamasishaji. Nairobi imejaa wao, redioni asubuhi, kumbi za hoteli Jumamosi, hata mikutano ya akina mama kanisani: jipende, jithamini, jitazame kwenye kioo ujiambie wewe ni malkia. Nimeshafanya ya kioo. Kioo hakina ubaya, ila mume wangu aliendelea kuandika "sawa". Na wala si jambo jipya. Jimbo la California liliunda kamati nzima ya serikali mwaka 1986 kwa imani kwamba watu wakijithamini zaidi, uhalifu, dawa za kulevya na mimba za utotoni zitapungua. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walipopitia tafiti zilizokuwepo, hawakuona ushahidi kwamba kupandisha kujithamini kunamfanya mtu afaulu shuleni au afanye kazi vizuri zaidi. Lakini waliona kwamba wanaojithamini husema wana furaha zaidi, na uhusiano huo ni mkubwa. Kipi kinaleta kipi, hawakusema, na mimi nawaheshimu kwa kutosema.

Maelezo yaliyonikaa ni ya Mark Leary, ya mwaka 1995. Yeye anasema kujithamini si mafuta, ni geji. Kazi yake ni kukuonyesha kama bado unakubalika kwa watu wako, na sindano ikishuka unapata maumivu ili ufanye jambo. Nilimweleza mume wangu tukila, nikijua angalau hii ataielewa. Akafikiri, akasema, "Geji ikisoma tupu na tangi limejaa, mtu hajazi mafuta. Anaangalia waya." Nikamuuliza na ile iliyokwama kwenye kujaa je? Akasema hiyo ndiyo inayokulaza porini. Kisha akaendelea kula, na sijui kama aliona alichokuwa amekisema.

Kwenye chama chetu niliwahi kupeleka sentensi kumi za Morris Rosenberg za kupima kujithamini, zile za mwaka 1965 alizozitumia kwa wanafunzi zaidi ya 5,000 wa jimbo la New York. Tano zinasema mema juu yako, tano mabaya, unajibu kwa kiasi unachokubali. Tulikuwa tumemaliza michango, chai iko mezani, nikaona tujipime kwa mchezo. Haikuwa mchezo. Ile inayosema kwa jumla nimeridhika na nafsi yangu ilichukua muda kuliko mzunguko wa pesa. Mmoja anayeuza nguo Gikomba alisema jibu lake linategemea amefungua mtumba gani: "Nikipata kamera, zile nguo nzuri kabisa, mimi ni mtu. Nikipata matambara, usiniulize hata jina." Mwingine, mama wa makamo, alijibu zote kwa habari za wanawe. Ameridhika kwa kuwa wa kwanza amemaliza kidato cha nne. Hana thamani kwa kuwa wa pili hapokei simu. Nilijaribu kumrudisha kwenye nafsi yake, akaniangalia, "Ticha, na hiyo nafsi yangu nyingine iko wapi?"

Nilidhani hakuelewa swali. Baadaye nikasoma kwamba Ed Diener na Marissa Diener, katika utafiti wa 1995 uliokusanya wanafunzi wa vyuo wa nchi 31, waliona uhusiano kati ya kujithamini na kuridhika na maisha ni mkubwa zaidi katika nchi ambazo mtu huishi kama nafsi yake, na mdogo zaidi kule watu wanakoishi kama ukoo. Mama yule alikuwa ametoa jibu sahihi kuliko dodoso lenyewe. Ila Nairobi, kwa maoni yangu, imetuweka pabaya katikati: tunajipima kwa ukoo ambao uko Nyamira au Machakos au Siaya, na tunaishi na watu ambao landilodi akipandisha kodi wanahama bila kuaga.

Sasa, ni nini kilichobadilika kwangu, maana si kioo wala si maombi ya usiku kucha, ingawa nayo niliyafanya.

Ainsworth alipokaa na akina mama wa Baltimore nyumba kwa nyumba, alichokiona kikienda pamoja na usalama wa mtoto ni jinsi mama anavyoisoma ishara ya mtoto na kuijibu. Wingi wa saa haukuwa ndio mpango. Hili nililijua kwa watoto. Kuna mama hapa anayefanya kazi ya usiku na kumwona mtoto wake muda mfupi tu, lakini akisema atakuja saa kumi na moja, saa kumi na moja yuko langoni, na mtoto wake ndiye mchezaji mkubwa wa sufuria. Kuna mwingine anayekuja leo saa tisa na biskuti, kesho saa mbili usiku na hasira. Wa kwake haachi mlango.

Kwa hiyo nikaacha kumwomba mume wangu mapenzi zaidi. Nilimwomba saa. Akifika Mtito Andei apige, akifika Malaba apige, hata kama ni nusu dakika na hana la kusema. Na akijua hataweza, aseme kabla. Alikataa. "Mama, wewe unanichunga," akasema, na kusema kweli kwa mtu aliyelelewa kama alivyolelewa, kuulizwa uko wapi kunafanana sana na kutuhumiwa. Tulibishana, tukaacha, tukarudia. Alianza kwa shingo upande. Anapiga: "Nimefika Mtito." Kimya. "Haya." Anakata. Simu hizo zilikuwa kavu kiasi kwamba ungedhani anaripoti kwa tajiri wa lori.

Lakini zilikuja. Na nilichokiona, bila kukitarajia kwa namna hiyo, ni kwamba sindano yangu ilianza kutulia kati ya simu moja na nyingine. Sikuwa nimejiona mrembo zaidi. Nilikuwa tu sijifikirii. Kuna jioni nilishona mapazia ya kituo mpaka nikashtuka ni usiku, na simu ilikuwa chumba kingine. Mwanamke aliyezoea kulala na simu mkononi ataelewa ninachosema.

Kwake mabadiliko yalikuwa madogo na ya polepole, na sitayapamba. Usiku mmoja alipiga kutoka Salgaa, mahali ambapo hatukupatana apige. Alikuwa amepita ajali ya matrela. Hakueleza sana. Aliuliza watoto wamelala, nikasema wamelala. Akauliza tena swali lile lile. Nilikaa naye kwenye simu mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu maneno haya yameshaingia mtaani na yanatumika vibaya. Siku hizi msichana akimuuliza mwanamume mbona hapatikani, anaambiwa yeye ni wa wasiwasi, akatibiwe. Mama mmoja wa hapa kituoni aliambiwa hivyo na rafiki zake wote, akajiona mgonjwa, hata akanijia anataka vitabu. Kumbe mwanamume alikuwa na nyumba nyingine kule Rongai, na watoto. Geji yake ilikuwa ikisoma sawasawa. Kabla hujakimbilia waya, chungulia tangi. Na hata pale mtu anapokuwa mkwepaji au mwenye wasiwasi kwelikweli, haya si kama kundi la damu. Tafiti zilizowafuata watoto hadi utu uzima, kama ule wa Minnesota ulioanza katikati ya miaka ya 1970, zinaonyesha kwamba utoto huacha alama lakini haufungi mlango. Mtu mwenye mwanzo mbaya akipata mwenzi au rafiki au hata mwalimu wa kutegemewa, anabadilika, na mwenye mwanzo mzuri akikosa naye anabadilika. Mimi na ndoa ya dada yangu ni ushahidi wa hili la pili.

Dada mwenyewe alikuja Nairobi mwaka jana kwa ajili ya kliniki ya macho, akalala kwangu. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo. Nikamweleza habari za utafiti wa kwetu, wachanga wa Kigusii na walezi wao, na kwamba kwa ninavyoelewa, utulivu nilionao umetoka mgongoni kwake. Nilitegemea atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchicha, kisha akauliza, "Na hao watoto waliokuwa wanalea, kuna aliyewauliza wao?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila hasira. Kwamba nilikuwa mzito. Kwamba alikuwa anakosa shule siku za soko kwa sababu yangu. Kwamba siku moja alinilaza chini ya mgomba akaenda kuruka kamba, akarudi akakuta siafu wamenipata, na akapigwa yeye. Alipofika hapo alicheka hadi akaweka kisu chini. Alinipenda, akasema, lakini mapenzi yalikuja baadaye, akiwa ameshanibeba tayari, na hakuna aliyembeba yeye. Nilimuuliza alijibu vipi yale maswali mawili alipokuwa msichana. Akasema wakati huo hakuna aliyekuwa na muda wa maswali.

Siku mbili alizokaa aliwaangalia wasaidizi wangu kuliko alivyowaangalia watoto. Ninao wasichana wawili. Mmoja ana mtoto wa mwaka na nusu, na alikuwa anamwacha kwa jirani kule Soweto ya Kayole ili aje kubeba watoto wa wenzake hapa. Dada hakunihubiria. Aliuliza tu, "Huyu wa kwake anabebwa na nani?" kisha akauliza chumvi iko wapi.

Wiki iliyofuata tukamleta yule mtoto kituoni, bila malipo, na tukazua tatizo jingine ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote. Mama yake yuko mbele yake kutwa nzima, lakini mikono ya mama imejaa. Kila mama akimwinua mtoto mwingine, huyu analia kuliko alivyokuwa akilia kule alikoachwa. Kule angalau alijua hayupo. Nilimpigia dada simu. Akasema mpe mama huyo saa moja kila siku ambayo hashiki mtoto mwingine yeyote, hata nyumba iungue. Tumeiweka saa nane mchana, wengine wakiwa wamelala. Umeme usipopotea na kinyozi wa jirani asipofungulia muziki, inawezekana. Siku za mvua bati linawaamsha wote kwa mpigo, na saa ile haipo.